Redouté, Merian, Köhler au Curtis: picha gani ya zamani ya maua uweke ukutani?

Binamu yangu amepata kanafasi Ngara, kadogo tu, meza tano na mashine ya kahawa ya mtumba, na wiki mbili kabla ya kufungua akaniandikia WhatsApp: "Kaka, zile picha za maua za zamani umejaza kwako unazitoa wapi, na mimi nichukue gani?" Akatuma screenshoti kama kumi na nne zimechanganywa vibaya, waridi ya pinki, tawi la kahawa, buibui anakula ndege, na kaua ka zambarau hakana hata jina. Nikaanza kumjibu kwa voisnoti, ikafika dakika tisa bado niko kwa ile ya kwanza, nikasema wacha niandike tu, maana hili swali naulizwa na kila mgeni akishakunywa chai kwangu.

Kwanza tuelewane hapa. Hizi picha hazikuchorwa zipambe ukuta wa mtu. Kila moja ilikuwa na kazi yake, na ile kazi ndio itakuambia itakaa aje kwako. Kuna iliyochorwa ndio mtu wa dawa asichanganye mmea na mwingine akaua mgonjwa, kuna ya kufurahisha mke wa mtawala, kuna ya kuuziwa watu wenye bustani kila mwezi kama gazeti, na kuna ya mama mmoja ambaye shida yake haikuwa maua, alikuwa anafuata viwavi. Ukijua hiyo, nusu ya kuchagua umemaliza.

Tuanze na ugomvi mkubwa, Redouté na Köhler, kwa sababu kati ya zile screenshoti kumi na nne, tisa zilikuwa za hawa wawili.

Pierre-Joseph Redouté unamjua hata kama hujui unamjua. Zile waridi laini ziko kwa trei, kwa kalenda, kwa karatasi za kufungia zawadi, nyingi ni zake au zimeigwa kwake. Alizaliwa 1759 Saint-Hubert, siku hizi ni Ubelgiji, akaenda Paris, akamchorea Marie Antoinette, mapinduzi yakaja na huyo malkia akakatwa kichwa, Redouté bado yuko, baadaye akamchorea Joséphine mke wa Napoléon kwenye bustani yake ya Malmaison. Serikali zinabadilika, jamaa yuko tu ndani. Watu wa hivo sisi huku tunawajua vizuri, tofauti ni kwamba huyu alikuwa na kazi ya kuonyesha.

Vitabu vyake viwili ndio vya kuangalia. Les Liliacées kilitoka kati ya 1802 na 1816, juzuu nane, picha zaidi ya 480, na usidanganywe na jina ukadhani ni mayungiyungi peke yake, humo ndani kuna mpaka ndizi na nanasi. Halafu Les Roses, 1817 mpaka 1824, hicho ndicho kila mtu anataka. Joséphine mwenyewe alikufa 1814, hakukiona.

Sababu ya picha zake kuwa laini vile ni namna zilivyochapishwa. Badala ya kuchonga mistari kwa bamba la shaba, wachongaji wake walikuwa wanadonoa nukta ndogo ndogo, elfu na elfu, kwa hivyo kivuli hakina ukingo, kinayeyuka tu. Halafu rangi zote zinapakwa kwa bamba moja kwa kitambaa kilichofinyangwa kama kidonge, pinki hapa, kijani pale, unachapa nakala moja, unarudia kupaka upya. Mwisho mtu anapitia na brashi kumalizia. Yaani kila nakala ni kazi ya mikono ya watu kadhaa, na inaonekana.

Sasa shida. Redouté kwa ukuta anapotea. Anakupa shina moja katikati ya karatasi nyeupe kubwa, rangi za kunong'ona, na sebule ya Nairobi vile naijua mimi ina sofa ya maruni, pazia la dhahabu, na kabati la tivii linang'aa. Nilitundika waridi yake juu ya sofa, mgeni akaniuliza mbona nimeweka fremu bila picha. Nikaihamisha chumba cha kulala, ukuta wa rangi ya krimu, mwanga wa asubuhi wa pembeni, na hapo ndio nikaelewa kelele zote za nini. Ni picha ya kutazamwa karibu, ukiwa umelala, hujaamka vizuri.

Kitu kingine, usitarajie waridi za Naivasha. Zile tunazoona City Market, shina refu limenyooka kama fimbo ya mwalimu na kichwa kimefumba, ni za juzi ukilinganisha na hizi. Za Redouté ni za kizamani, nyingi zimejaa petali kama kabichi, zinainamisha kichwa. Mimi napenda hivo. Binamu alisema zinakaa kama zimechoka.

Köhler ni dunia nyingine. Hii ni kazi ya Ujerumani, Köhler's Medizinal-Pflanzen, ilianza kutoka Gera miaka ya 1880, kitabu cha mimea ya dawa. Hapa kuchapa kushabadilika, ni mawe sasa, kila rangi na jiwe lake, karatasi inapita juu ya moja inaenda kwa lingine mpaka picha ikamilike. Kwa hivyo rangi ni nzito, kijani ni kijani kweli, na picha imejaa mpaka pembeni. Na mpangilio ni ule wa kitabu cha bayolojia ya fomu tuu: juu tawi zima na maua na matunda, chini vipande vipande vimepewa namba, ua limepasuliwa, stameni, ovari, mbegu imekatwa katikati. Haikubembelezi. Inakufundisha.

Na ukiangalia mimea yenyewe utacheka, ni kama duka la viungo: kahawa, chai, tangawizi, karafuu, mdalasini, vanila, kakao, mpaka mikaratusi. Mtu amekulia Kiambu akiona lile tawi la kahawa, maua meupe yameshikana na shina na punje zimeiva nyekundu, anaweza kukuambia ni mwezi gani wa kuchuma. Kwa mahali pa chakula na vinywaji sioni kitu kinaishinda. Halafu faida ambayo watu hawafikirii: ukichukua nne kutoka hicho kitabu kimoja zinafanana, karatasi rangi ileile, herufi zilezile, mpangilio uleule, kwa hivyo zinakaa kama seti bila wewe kuwa na jicho la dizaini. Ukichanganya Redouté mbili na Köhler mbili kwa ukuta mmoja inakuwa kama harusi ambayo pande mbili hazijasalimiana.

Ubaya wa Köhler ni kwamba ile ya kahawa imechapwa na watu mpaka imechoka. Kama unataka kitu mgeni hajawahi kuona, ruka kahawa uchukue tangawizi, maua yake watu hawayajui kabisa, wanajua mzizi tu. Na angalia unachotundika ni nini. Kuna picha nzuri sana ya mbarika mle ndani, majani kama kiganja cha mkono, rangi tamu, lakini mbegu za mbarika zina sumu mbaya, na mtu anayejua mimea akiikuta juu ya meza yako ya chakula atakuangalia kwa jicho la pili.

Basi kwa hawa wawili mimi nasema hivi: chumba cha kulala au mahali umetulia, Redouté. Jikoni, mkahawa, ofisi, kliniki, kona ya watoto kusomea, Köhler, bila mjadala.

Buibui sasa.

Maria Sibylla Merian alizaliwa Frankfurt 1647. Mwaka wa 1699, akiwa na miaka 52, aliuza vitu vyake, akapanda meli na binti yake Dorothea, wakaenda Suriname, Amerika ya Kusini. Wakati huo. Wanawake wawili. Alitaka kuona wadudu wa huko wakiwa hai, maana Ulaya alikuwa anaonyeshwa waliokauka kwa sanduku. Ugonjwa ukamshinda akarudi 1701, na 1705 akatoa kitabu chake cha picha 60, karibu kila picha mmea na mdudu anayekula huo mmea, kutoka yai, kiwavi, pupa, mpaka nondo au kipepeo, wote kwa tawi moja. Wakati huo kuna wasomi waliokuwa bado wanaamini wadudu wanazaliwa na matope na uozo.

Mimea yake ni kama amekuja soko la Wakulima: nanasi, ndizi, muhogo, mapera, papai. Lakini majani yametobolewa, yameliwa, yamekunjika. Hakuna kitu kimepumzika. Ile ya mpera ndio ina buibui mkubwa amemlalia ndege mdogo wa kunyonya maua, na sisimizi wamejaa wanapita, na watu walimbishia hiyo ya buibui kula ndege kwa miaka mingi kabla ya kukubali kwamba buibui wa hivo wapo.

Kwa ukuta, Merian ndiye anasimamisha mtu. Karatasi zake zilikuwa kubwa tangu mwanzo kwa hivyo ukiikuza haivunjiki, mistari ina nguvu, unaiona kutoka mlangoni. Kama una ukuta mmoja mtupu na pesa ya picha moja tu, chukua yeye. Lakini si kila mtu anataka viwavi akila chapo. Na si kila nyumba. Mtoto wa jirani alikataa kukaa upande ule wa meza wiki mzima.

Kuna moja nataka uisome kabla ya kuinunua. Ni lile ua jekundu na manjano, stameni ndefu zimetoka kama masharubu, Pwani limepandwa kwa mabustani mengi, Caesalpinia pulcherrima. Merian aliandika kwamba wanawake waliokuwa watumwa huko Suriname, wenyeji wa asili wa huko na Waafrika, walikuwa wanatumia mbegu zake kuharibu mimba ndio watoto wao wasizaliwe utumwani, na anasema walimwambia wenyewe. Picha ni nzuri mno. Mimi ninayo, lakini siiweki mahali watu wanapiga stori na kucheka, iko kwa korido peke yake.

Curtis ni ya watu wa bustani. William Curtis alianzisha jarida lake London 1787, Botanical Magazine, picha za mimea ambayo ungeweza kupanda na maelezo mafupi, na mpaka leo linatoka chini ya bustani za Kew. Picha zilipakwa rangi kwa mkono, nakala baada ya nakala, mpaka 1948! Watu washaruka na ndege za jeti na kuna mtu London bado anapaka petali na brashi. Mchoraji wao mkubwa alikuwa Walter Hood Fitch, alifanya picha zaidi ya 2,700 za hilo jarida peke yake, halafu 1877 akaondoka kwa ugomvi wa malipo. Hiyo stori ya msanii na malipo haijawahi kuzeeka.

Uzuri wa Curtis ni upana. Kwa sababu lilitoka miaka yote hiyo, mimea mingi sana ya maua iliyowahi kupandwa Uingereza utaipata, hata yetu. Kale kaua ka zambarau kasikokuwa na jina kwa screenshoti ya binamu kalikuwa ka humo, la 1895, ni lile ua la milima ya Usambara kule Tanzania ambalo dunia nzima inaliweka dirishani kwa kikopo. Mjerumani mmoja, Saint Paul-Illaire, ndiye alipeleka Ulaya, wakaliita kwa jina lake, Saintpaulia. Kama unatafuta picha ya zamani yenye kitu cha Afrika Mashariki na hutaki stori nyingi, hiyo inatosha kabisa.

Ubaya wake ni ukubwa. Ni kurasa ndogo, saizi ya kitabu cha kushika mkononi, zingine zilikunjwa ndio ziingie. Ukiipeleka A2 mistari inanenepa na rangi inaonyesha mabaka. A4 iko sawa, na sita za A4 zimepangwa mbili mbili zinapendeza kuliko moja kubwa. Kama nyumba ni bedsita, hii ndio yako.

Jacaranda najua mtaniuliza, kila mtu Nairobi huuliza. Ilipewa jina lake la kisayansi 1822 ndani ya jarida la mshindani wa Curtis, Botanical Register, hapo hapo London, na picha iko. Lakini nikuonye. Mti wenyewe ni wa Amerika ya Kusini, na aliyechora alikuwa anachora tawi, sio barabara nzima mwezi wa kumi na lami imegeuka zambarau. Niliiprinti nikitarajia State House Road nikapata tawi la mtu. Haiko mbaya, ni mimi nilikuwa na matarajio ya mtu wa huku.

Wengine nitapita haraka. Besler, Hortus Eystettensis ya 1613, bustani ya askofu wa Eichstätt, alizeti kubwa kama sahani: ukipenda vitu vya nguvu, vyeusi na vyeupe, tafuta zile ambazo hazikupakwa rangi, kwa ofisi ya wakili zinakaa na heshima. Elizabeth Blackwell, picha 500 kati ya 1737 na 1739, alizichora, akazichonga kwa shaba na kuzipaka rangi mwenyewe ndio atoe mume wake jela ya madeni, na mume akatoka. Kwa mikono sio fundi kama Redouté, mimea yake imekaa wima kama watoto wamepigwa picha ya shule, lakini mimi nampenda kuliko vile anastahili.

Na Joy Adamson, yule wa simba Elsa. Kabla ya simba alikuwa mchoraji, alizunguka Kenya kuanzia mwisho wa miaka ya thelathini na bwana yake wa wakati huo, Peter Bally, mtaalamu wa mimea, akachora maua ya huku yakiwa mabichi kwa mlima na kwa jangwa. Kwa macho yangu hizo ndizo zingefaa Nairobi kuliko zote nimetaja. Lakini alikufa 1980, na sheria ya Kenya inalinda kazi ya msanii miaka 50 baada ya mwaka aliokufa, kwa hivyo mpaka mwisho wa 2030 hiyo bado ina wenyewe. Usiitoe mtandaoni uweke kwa biashara. Hao wengine wote juu, Redouté, Merian, Köhler, Fitch, wameshapita huo muda zamani, unachukua bure. Na kutoka Ngara kwenda Museum Hill ni kutembea tu, nenda makumbusho ujionee hizo za Adamson.

Sasa kuprinti, hapa ndio niliumia. Faili utazipata Biodiversity Heritage Library au Wikimedia Commons, vitabu vizima vimeskaniwa. Usichukue ile picha ndogo inatokea kwanza ukitafuta, ingia ndani uchukue kubwa kabisa. A4 inataka karibu pikseli 2,480 kwa 3,508, A3 inataka 3,508 kwa 4,961. Mara yangu ya kwanza nilipeleka faili ya WhatsApp kwa duka moja huko mjini chini, jamaa hakusema kitu, akaikuza, akaniprintia A2 kwa karatasi inayong'aa, maruerue tupu, na akasema ndio vile picha za zamani hukaa. Nikalipa. Tumia flashi au imeili, na uombe karatasi nzito isiyong'aa, gramu 200 kwenda juu, kwa sababu ile ya kung'aa inafanya kitu cha 1705 kikae kama poster ya saluni.

Usimwambie atoe ule umanjano wa karatasi. Watanyoosha rangi mpaka iwe nyeupe kama fulana mpya, na uzee wote umeisha. Bajeti weka zaidi kwa fremu kuliko printi, fremu nyembamba nyeusi au ya mbao, uache nafasi nyeupe ya vidole vinne kila upande. Na usitundike mahali jua la saa nane linapiga moja kwa moja, waridi yangu ya kwanza iligeuka kijivu ndani ya mwaka.

Na mtu akikuambia anakuuzia ya kweli, ya wakati ule, chukua lenzi. Ukiona nukta zimejipanga kwa mistari kama wanafunzi paredi, hiyo ni ya kiwandani, ya juzi. Redouté ana nukta pia lakini zake zimetawanyika, zinafuata umbo la petali. Kwa Curtis ya kweli, rangi inavuka mstari kidogo hapa na pale, mkono wa mtu ulichoka.

Binamu mwishowe alichukua Köhler nne, chai, tangawizi, karafuu na kahawa, nikamwambia hiyo ya kahawa kila mtu anayo, akaniambia, "Kaka, mimi nauza kahawa." Sikuwa na jibu. Juzi nikapita, nikakuta ameongeza ya tano kimya kimya, buibui wa Merian, ameiweka mlangoni mwa choo, na anasema watu hawakai huko ndani sana siku hizi.